Mafunzo ya matengenezo ya mitambo mizito katika chuo kimoja cha ufundi Mtwara: tathmini ya mhitimu

Kozi ya matengenezo ya mitambo mizito na ya viwandani inayotolewa na chuo kimoja cha ufundi mkoani Mtwara inamfaa sana kijana anayetaka kuwa fundi wa injini na haidroliki, inamfaa nusu tu anayelenga viwandani, na kwa upande wa umeme wa mitambo ya kisasa bado iko nyuma. Huo ndio uamuzi wangu baada ya kuisoma kozi yenyewe hadi mwisho na kisha kufanya kazi katika yadi ya mkandarasi wa barabara, pamoja na wahitimu wa vyuo vingine ambao nimeweza kulinganisha utendaji wao na wetu. Jina la chuo naliacha kwa makusudi. Mapungufu nitakayoyaeleza yanatokana na uhaba wa fedha zaidi kuliko uzembe, na walimu ninaowasifu hapa ndio hao hao ambao wangebebeshwa lawama.

Mikoa ya Mtwara na Lindi inahitaji mafundi wa aina hii kuliko wanavyodhani watu wa mbali, ambao wakisikia Kusini hukumbuka korosho peke yake. Bandari ya Mtwara, iliyoongezewa gati lenye urefu wa mita 300, hupakia pia makaa ya mawe yanayoletwa kwa malori kutoka Ruvuma. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilianza uzalishaji mwaka 2015. Gesi ya Mnazi Bay husafishwa Madimba na ile ya Songo Songo husafishwa huko huko kisiwani, wilayani Kilwa. Ruangwa ina madini ya kinywe. Na barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Kila mahali hapo pana greda, kijiko cha kuchimbia udongo, loda, kreni, mkanda wa kusafirishia mzigo au jenereta, na kila kimoja kina siku yake ya kuharibika. Mwalimu wetu wa nadharia alilifungua somo la kwanza kwa habari za mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ule wa 1947 hadi 1951, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake, na ambao kwa ajili yake zilijengwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli iliyokuja kufungwa miaka ya 1960. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa masalia ya vita, vipuri vilikuwa haba, mafundi wenye ujuzi walikuwa haba zaidi, na mashine zikalala porini. Sababu za mpango ule kushindwa zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwemo, lakini wenzetu darasani waliotoka Nachingwea hawakuhitaji kuelezwa mara ya pili kwa nini matengenezo ni somo la kujitegemea.

Nianze na karakana, kwa kuwa chuo cha mitambo hupimwa hapo. Idadi ya mitambo haitamvutia mgeni: greda moja la zamani, kijiko kimoja cha minyororo, loda moja la magurudumu, foko ya kuinulia mizigo, na injini kadhaa za dizeli zilizofungwa kwenye stendi. Nimewahi kuona karakana za vyuo zenye mitambo mingi kuliko hiyo, iliyopakwa rangi ya njano ikang'aa, lakini ukifungua boneti unakuta injini iliondolewa zamani na mwanafunzi anaonyeshwa mahali ilipokuwa. Hapa kila mtambo unawaka. Greda hufunguliwa kila mwaka na kundi la mwaka wa pili, giaboksi ikateremshwa, silinda za bledi, yaani ubapa wa kusawazishia udongo, zikabadilishwa sili za kuzuia oili isivuje, breki zikafunguliwa hadi kwenye sahani zake, kisha kundi hilo hilo hurudishia kila kitu na kulitoa greda nje likasawazishe uwanja wa chuo mbele ya walimu. Likikataa kutembea, au bledi ikishuka yenyewe baada ya kuinuliwa, kundi linarudi ndani na alama zinasubiri. Kwa fani hii sioni mtihani ulio wa haki kuliko huo, kwa sababu majibu ya karatasi yanaweza kunakiliwa kutoka kwa jirani, lakini bledi inayoshuka haimfichi mtu.

Somo la haidroliki ndilo linalostahili sifa ya kwanza, na nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa hapo ndipo mhitimu wa chuo hiki anapotofautiana na fundi aliyejifunza kwa kutazama. Malalamiko ya kawaida kabisa katika yadi yoyote ni kwamba kijiko kimekuwa kizito: mkono unapanda taratibu na ndoo haikati udongo kama ilivyokuwa ikikata. Jibu la haraka ni pampu. Pampu inafunguliwa, inapelekwa Dar es Salaam au inaagizwa mpya, fedha nyingi zinatoka, na mtambo ukirudi kazini uzito uko vile vile. Sisi tulikatazwa kabisa kuitaja pampu kabla ya kujibu swali moja, nalo ni kama uzito uko kwenye kila kazi ya mtambo au kwenye kazi moja tu. Ikiwa mkono, ndoo, mzunguko na mwendo vimedhoofika kwa pamoja, chanzo kiko mahali panapohudumia vyote, yaani kiwango cha oili kwenye tangi, njia ya kufyonza inayoingiza hewa, chujio lililoziba, valvu kuu ya kudhibiti shinikizo, injini isiyofikisha mizunguko yake, na pampu ikiwa ya mwisho katika orodha. Ikiwa ni ndoo peke yake iliyolegea wakati kazi nyingine zinakwenda sawa, basi kwa kawaida pampu haihusiki, na fundi anapaswa kuiangalia silinda ya ndoo, sili zake na valvu inayoiongoza. Utaratibu huu ni rahisi hata mtu anaweza kuudharau, lakini nimeshuhudia ukiokoa pampu nzima ambayo tayari ilikuwa imeanza kufunguliwa bolti.

Kipimo chenyewe kina masharti yake. Kijiko cha kisasa hufanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya baa 300, ambalo ni zaidi ya mara mia moja ya shinikizo la tairi la gari dogo, kwa hiyo geji lazima iwe ya kiwango hicho, na oili lazima iwe imefika joto la kazi kabla ya namba yoyote kuandikwa, maana oili ya baridi ni nzito na hutoa picha ya uongo. Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza inapoanzia: chuo kilikuwa na seti moja tu ya geji nzima kwa darasa lote, na wanafunzi wa nyuma waliishia kusomewa namba badala ya kuzisoma wenyewe. Seti ya pili ingebadilisha mafunzo haya kuliko jengo jipya.

Kuhusu usafi wa oili, mwalimu wa haidroliki alikuwa na ukali uliowaudhi wengi na ambao leo naona ulikuwa na haki. Jicho la kawaida haliwezi kuona chembe iliyo chini ya mikroni 40 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali nafasi zilizoko kati ya pistoni za pampu na silinda zake ni finyu kuliko hapo kwa mbali, kwa hiyo oili inayoonekana safi kabisa kwenye kikombe cha kioo inaweza kuwa inaisaga pampu kila dakika. Hakuna mpira wa presha uliofunguliwa bila eneo lake kuoshwa na kukaushwa kwanza, hakuna ncha iliyoachwa wazi bila kifuniko, na tamba linaloacha nyuzi lilitupwa nje ya karakana pamoja na aliyelileta. Alikuwa pia hachoki kurudia habari ya tundu dogo kwenye mpira wenye presha, ambalo oili hutoka ikiwa nyembamba hata isionekane: tundu hilo hutafutwa kwa kipande cha boksi au ubao na kamwe si kwa kiganja, kwa kuwa oili huweza kupenya ngozi, ikaacha alama ndogo isiyoumiza sana mwanzoni, na mtu akaja kupoteza kidole au mkono kwa kuchelewa kufikishwa hospitali akafanyiwe upasuaji.

Somo la injini limekaa vizuri bila kuwa la ajabu. Moshi mweusi unafundishwa kuwa dalili ya mafuta mengi au hewa kidogo, wa bluu kuwa oili inayoungua, mweupe kuwa mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Kupima mbano, kurekebisha nafasi za valvu, kusafisha mfumo wa kupozea. Haya yote utayapata katika chuo chochote chenye mwalimu anayejiheshimu. Kilichonifaa zaidi ni mkazo juu ya vumbi, na mkazo huo una sababu ya kijiografia. Wakati wa kiangazi, barabara zisizo na lami za Newala na Tandahimba hutoa vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya begi lililofungwa, na injini ya greda inayofanya kazi katikati ya vumbi hilo huvuta hewa nyingi mno kila dakika. Tulifundishwa kwamba chujio la nje halipulizwi kwa presha kubwa ya kompresa, kwa sababu karatasi yake hutoboka na kuanza kupitisha kile kile ilichowekwa kukizuia. Kwamba chujio la ndani halisafishwi bali hubadilishwa. Na kwamba mpira uliopasuka baada ya chujio ni hatari kuliko chujio chafu, kwa kuwa chujio chafu hupunguza nguvu ya injini na opereta akalalamika, ilhali mpasuko huingiza vumbi kimya kimya. Dalili yake ya mapema ni silikoni kupanda katika oili ya injini inapopimwa maabara. Bahati mbaya kipimo hicho tulikisoma ubaoni tu, hatukuwahi kutuma sampuli hata moja, na kwa fani ambayo kampuni kubwa huamua kufungua au kutofungua injini kwa kuangalia majibu ya oili, hilo ni pengo la kweli.

Minyororo ilifundishwa kupitia kijiko, kwa kuwa chuo hakina buldoza. Hukadiriwa kwamba karibu nusu ya gharama za matengenezo ya buldoza huishia kwenye minyororo, pini, bushi, rola na sproketi, na mchanga wa uwanda wa Makonde huharakisha ulaji huo. Mwanafunzi anafundishwa kupima mnyororo unavyolegea kati ya rola za juu badala ya kuukaza kwa kukisia, maana mnyororo uliokazwa kupita kiasi hula pini na bushi zake wenyewe, na anafundishwa kutoweka uso mbele ya valvu ya grisi anapoulegeza, kwa kuwa grisi iliyoko ndani ina presha ya kuweza kuua. Nilipenda kwamba somo hili lilimhusisha pia opereta: anayegeukia upande mmoja siku nzima, au anayerudi nyuma kwa kasi kila mara, anaharibu kwa mikono yake kitu ambacho fundi hawezi kukirudisha kwa spana. Vyuo vingi huwafundisha waendeshaji na mafundi mbali mbali, nao wakikutana kazini huanza kwa kulaumiana.

Kuna kitu kingine ambacho chuo hiki kinakifanya na ambacho wanafunzi hukichukia, yaani leja. Mtambo mzito hauhesabiwi kwa kilomita bali kwa saa za kazi, na huduma zake hupangwa kwa saa hizo: ukaguzi wa kila siku, kisha saa 250, 500, 1,000 na 2,000, kila hatua ikiwa na oili, vichujio na vipimo vyake kulingana na kitabu cha mtengenezaji. Mtambo wowote wa karakana una daftari lake, na mwanafunzi aliyemwaga oili au kubadilisha chujio bila kuandika saa, tarehe na jina lake alihesabiwa kuwa hakufanya kazi. Nilipoajiriwa, swali la kwanza la msimamizi wa yadi lilihusu leja na si spana, kwa sababu mitambo aliyoirithi haikuwa na kumbukumbu yoyote na hakuna aliyejua oili ya giaboksi ilibadilishwa lini.

Usalama hufundishwa kwa kufuata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kwa sehemu kubwa unazingatiwa. Ndoo hushushwa chini, injini huzimwa na vishikio huchezeshwa ili presha iliyobaki itoke, kabla ya mtu yeyote kugusa mpira. Loda hufungwa kwa kipini chake katikati ya kiungo, kwa kuwa mtu akisimama kati ya mbele na nyuma na usukani ukageuka hana pa kukimbilia. Anayeingia chini ya mtambo hufunga swichi kuu kwa kufuli na ufunguo hukaa mfukoni mwake mwenyewe, si kwa mwalimu. Kasoro niliyoiona ni mavazi: chuo kinasisitiza buti zenye chuma puani, lakini mwanafunzi ananunua mwenyewe, na asiyeweza alifanya kazi kwa viatu vya kawaida huku kila mtu akitazama pembeni.

Sasa nije kwenye umeme, ambako sifa zinapungua. Kinachofundishwa ni betri, stata, alternata, fyuzi na rilei kwenye mfumo wa volti 24, na kinafundishwa vizuri. Kisichofundishwa ni yale yanayousimamisha mtambo wa leo: vihisio, kompyuta za injini na za haidroliki, na nyaya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta hizo hutumia kuwasiliana. Mtambo ukigoma na kuonyesha namba za hitilafu kwenye kioo, mhitimu wetu anabaki akiangalia namba. Katika yadi nilifundishwa na fundi umeme kipimo kimoja ambacho kinachukua dakika chache na hakihitaji kifaa cha bei kubwa: zima umeme mkuu, pima upinzani kati ya nyaya zile mbili, na ukipata omu 60 ujue vipingamizi viwili vya mwisho, kila kimoja omu 120, vipo na vimeunganika, ukipata 120, kimoja kimekatika au waya umekatika njiani. Multimita zilikuwepo karakanani. Kilichokosekana ni mtu wa kulileta somo hilo darasani, na kwa mkoa ambao chumvi ya bahari hula soketi za mitambo ya bandarini kila msimu, somo la nyaya lilistahili muda mara mbili ya liliopewa. Kifaa cha kusomea hitilafu kwa kompyuta hakikuwepo kabisa.

Upande wa viwandani, ambao upo kwenye jina la kozi, ulipata muda mchache na karakana ndogo zaidi. Tulijifunza kuvuta na kupachika beringi kwa kuipasha moto badala ya kuipiga nyundo, tukajifunza kusawazisha shafti ya mota na ya pampu kwa geji ya saa ili kapulingi isitikisike, na tukaelezwa kwamba grisi iliyozidi huichemsha beringi kama vile grisi iliyopungua. Lakini mkanda wa kusafirishia mzigo tuliuona kwenye picha. Kiwanda cha saruji ni tanuru linalozunguka mchana na usiku, likipasha malighafi hadi karibu nyuzi joto 1,450, likiwa na msururu wa mikanda, feni, giaboksi na vinu kabla na baada yake, na kusimama kwa mkanda mmoja kunaweza kusimamisha mengine yote yanayoufuata. Kijana anayetaka kuajiriwa huko asitegemee kwamba kozi hii peke yake itamwezesha. Ataanza kama msaidizi na kujifunza upya mengi, ingawa nidhamu ya leja na usafi itambeba.

Ndiyo maana mafunzo kwa vitendo kazini, ambayo wanafunzi huyaita fildi, yana uzito mkubwa kuliko yanavyoonekana kwenye ratiba. Aliyepata nafasi katika kiwanda au bandarini alirudi akiwa fundi nusu. Aliyepelekwa gereji ya malori alirudi na ujuzi wa magari, ambao ni mzuri lakini sio uliompeleka chuoni. Na wapo waliotumia kipindi chote wakifagia yadi na kutumwa chai. Chuo huandika barua na kumwachia mwanafunzi azungushe mwenyewe. Mwenye mjomba kazini anapata, asiye naye anahangaika, na mwalimu wa kuja kukagua hufika mara moja akiwa na haraka ya kuwahi basi. Kwa maoni yangu hili ndilo eneo ambalo uongozi ungeweza kulirekebisha bila fedha nyingi, kwa kukubaliana mapema na wakandarasi na viwanda vilivyoko mkoani na kujua kila mwanafunzi ataufungua mtambo gani.

Mengineyo nitayapitia kwa kifupi. Ada si mzigo mkubwa; mzigo uko kwenye ovaroli, buti, chakula na chumba cha kupanga kwa wanaokosa bweni, na mzazi wa Liwale au Tandahimba apange bajeti kwa kuzingatia hayo. Vitabu vya matengenezo viko kwa Kiingereza, na walimu hufundisha kwa Kiswahili kilichochanganywa, jambo ambalo linasaidia kuelewa lakini linamwacha mwanafunzi dhaifu anapokutana na jedwali la kukazia bolti akiwa peke yake. Saa ya kusoma vitabu hivyo kwa pamoja ingefaa iwepo kila wiki. Wasichana katika darasa letu walikuwa wachache, na hawakupewa kazi nyepesi. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na mkono mtulivu kuliko sote katika kufunga sili za silinda, kazi ambayo haitaki nguvu.

Wapo wanaouliza kama si bora kijana akae tu kwenye gereji ya mtaani na kujifunza akiwa analipwa chochote. Swali hilo ni la haki, na jibu linategemea mtu. Gereji nzuri itampa mikono ya haraka na ujasiri, na baadaye anaweza kuomba ujuzi wake upimwe, kwa kuwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi na kuutolea cheti. Kwa fundi mwenye uzoefu na familia ya kulisha, njia hiyo ina maana kuliko kurudi darasani. Lakini gereji haimfundishi mtu kukataa kufungua pampu, maana gereji inalipwa kwa kufungua. Utulivu wa kupima kwanza, wa kuandika, wa kuosha kabla ya kulegeza nati ya kwanza, niliuona zaidi kwa waliopita chuoni, na mwajiri mwenye mtambo wa mamia ya mamilioni ya shilingi anaujua thamani yake. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye hesabu za wastani na asiyeogopa grisi, nitampeleka chuo hiki bila kusita, ilimradi ajue kwamba umeme itabidi aufuate kwingine, ama kwa kozi fupi ama kwa kuganda nyuma ya fundi umeme wakati wa fildi.

Mzazi au mlezi anayetaka kujionea asiende siku ya mahafali, siku ambayo kila chuo kimefagiwa. Aende asubuhi ya siku ya kazi, aombe kwa adabu kijiko kiwashwe mbele yake, aombe kuiona leja ya greda na kutazama kama ukurasa wa mwisho ni wa mwaka huu, kisha aulize wanafunzi wa mwaka jana walifanyia fildi wapi na ni nani aliyewatafutia. Aulize pia kama karakana imeshapata kifaa cha kusomea hitilafu za kompyuta na seti ya pili ya geji. Akijibiwa ndiyo na akavionyeshwa vikiwa na alama za mikono yenye oili, sehemu kubwa ya lawama zangu hapo juu itakuwa imepitwa na wakati.